Tumboni mwa Zimwi la Kivuma

Zimwi lilimmeza Kiondo asubuhi, jua likiwa bado halijavuka mgongo wa mlima, na Nakijwa dada yake alikuwa amesimama hatua saba tu kutoka pale.

Hakukuwa na kishindo. Watu wa Isimbo, kijiji kilicho chini ya msitu wa Kivuma, walikuwa wamesimuliana mara nyingi jinsi siku hiyo itakavyokuja, na katika masimulizi yao palikuwa na mngurumo, meno na damu. Nakijwa hakuona hata kimoja. Alimwona mdogo wake wa miaka tisa, kaptura imeloa umande, akipita katikati ya mawe meupe ya mpaka wa zimwi akimfuata mbuzi wao aliyetoroka. Kisha kile alichodhani ni kilima kidogo kikainuka. Kikasimama kwa miguu minne minene kama mashina ya mivule, kirefu kupita nyumba ya ghorofa, mgongo wote umeota majani mafupi mabichi kama manyoya. Ubavu wake ukafunguka kama pazia. Mbuzi akaingia. Kiondo akageuka, akamtazama dada yake, na uso wake haukuwa na woga ila mshangao tu, kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. Pazia likajifunga.

"Kiondo!"

Ukungu ukaimeza sauti yake. Zimwi likaketi tena taratibu, likawa kilima.

Nakijwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shingoni alikuwa amevaa filimbi ya mfupa mweusi. Filimbi za namna ile zilikuwa mbili tu katika mlima mzima. Moja alikuwa nayo mwenyekiti wa kijiji, mzee Senkondo. Ya pili alipewa mama yake mdogo, Navoneiwa, mlezi wa zimwi, ambaye ndiye aliyewalea yeye na Kiondo, naye humvisha Nakijwa kila wanapopanda karibu na mpaka. Sikio la binadamu halisikii sauti yake. Lakini ukiipuliza mara moja, mioyo minne ya zimwi inasimama, na haiamki tena.

Aliitia mdomoni. Meno yalikuwa yanagongana juu ya ule mfupa.

Redio ya mkononi ikakoroma kiunoni mwake. "Nakijwa, mwanangu, nimeona kwenye kioo cha kamera. Usipulize! Unanisikia? Usipulize!"

"Mama, limemmeza! Limemmeza Kiondo!"

"Najua. Nisikilize. Bangili aliyovaa mkononi inanionyesha mapigo yake. Yuko hai, na moyo wake umetulia kuliko wako. Ukilizima sasa, misuli itakaza kwanza kabla ya kulegea. Itakaza kwa muda gani, sijui. Hakuna aliyewahi kulizima likiwa na mtu ndani."

Sauti nyingine ikaingia, nzito, ya mtu aliyekwisha kuanza kupanda mlima. Ilikuwa ya mzee Senkondo. "Mlezi, wiki mbili tunakuambia. Limevuka mawe, limemeza mbuzi kumi, ukatuambia tusubiri upime. Leo limemeza mtoto. Binti, puliza hiyo filimbi. Mimi nachukua dhamana."

"Mwenyekiti, nakuomba—"

"Puliza, binti!"

Nakijwa alisimama katikati ya zile sauti mbili. Alimheshimu mzee Senkondo, na alijua hakusema kwa chuki. Alimpenda mama yake mdogo, na alijua neno "sijui" halikutoka kinywani mwake kirahisi. Wote wawili walikuwa mbali, na Kiondo alikuwa hapa, nyuma ya ngozi ile ya majani. Akaiachia filimbi ikaning'inia kifuani, akavuka mawe.

Alikuwa amefundishwa jinsi ya kulikaribia. Unatembea polepole, unaliachia linuse. Halina macho, ila matundu mengi madogo mabegani, na matundu yale yalifunguka na kufumbika alipopita. Akaweka kiganja ubavuni. Alitarajia joto, maana kila mara alipoligusa akiwa mdogo lilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini. Leo lilikuwa vuguvugu tu.

"Nipeleke aliko," alinong'ona.

Pazia likafunguka.

*

Njia ya kuingia ilikuwa laini na nyembamba, ikimsukuma mbele bila kumbana, na harufu yake ilikuwa ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Akateleza, akaangukia kitu kama nyasi. Akafumbua macho, na akasahau kwa kitambo kwamba alikuja kumtafuta mtu.

Palikuwa na nuru. Uyoga mdogo usio na idadi ulikuwa umeota darini na kwenye kuta, kila mmoja ukitoa mwanga hafifu wa rangi ya maziwa, na mwanga ule ulipanda na kushuka kwa pamoja, kama kifua cha mtu aliyelala. Chumba kilikuwa na ukubwa wa darasa. Kuta zake zilikuwa zimejaa vifuko vidogo, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikiwa na mbegu ndani, na vifuko vilivyoiva vilikuwa vimepasuka vikatoa miche yenye majani mawili mawili, imeinamia kwenye nuru. Matone ya maji yalitembea ukutani kutoka mche hadi mche yakinywesha mmoja baada ya mwingine. Aliutambua mche wa mkulo, mti wa msituni uliokuwa umeadimika, kwa harufu ya jani lake. Bibi yake alikufa bila kuuona tena mkulo ukiota.

Mama mdogo alikuwa amewaeleza mambo haya wakila makande, kwa maneno ya kazi yake. Kwamba mwili wa zimwi ulisukwa kwa nyuzi za uyoga na misuli iliyokuzwa maabara. Kwamba majani ya mgongoni yanalilisha kwa jua. Kwamba tumbo lake si la kusagia chakula, ni kitalu, na kazi yake ni kuokota mbegu katika misitu inayokufa, kuzitunza, na kuzitema mahali ambapo miguu yake imesikia maji chini ya ardhi. Mazimwi saba yalitengenezwa, na hili la Kivuma ndilo lililorudisha chemchemi tatu za Isimbo na kuzijaza ndiva, yale mabwawa ambayo mababu walichimba kwa jembe na mikono. Nakijwa aliyajua yote hayo tangu darasa la tatu. Sasa alikuwa amesimama ndani yake, na aliona kwamba alikuwa hajui kitu.

Mbuzi kumi na mmoja walikuwa wamelala duara katikati ya chumba, wanacheua. Katikati yao alikuwa Kiondo, mzima, ameketi.

"Dada, usipige kelele," alisema. "Amelala."

Nakijwa akamrukia, akamshika mabega, akamgeuza huku na huku, akampapasa kichwa. "Nani amelala? Umeumia? Simama twende."

"Huyu hapa."

Mapajani mwa Kiondo palikuwa na kichwa. Nyuma ya kichwa kulikuwa na mwili wa ukubwa wa ndama, miguu minne imekunjwa, ngozi nyembamba kiasi kwamba nuru ilipenya, na ndani ya kifua, kama taa iliyofunikwa kwa kitambaa, moyo mmoja ulikuwa unapiga. Mgongoni majani yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza, mafupi kama ndevu za kijana. Nyuzi nyeupe zilikiunganisha kitovu chake na sakafu.

Nakijwa akapiga magoti bila kujua kwamba amepiga magoti. Alikuwa akisema "lilikuja", "likafanya", kama watu wote wanavyolisema zimwi. Kiondo alikuwa amesema "amelala", na sasa hakuweza kumsahihisha.

"Anatetemeka mbuzi wakisogea," Kiondo alieleza. "Nilimwimbia akaacha. Dada, ana baridi. Hapa ndani pote pana baridi."

Ndipo Nakijwa alipotega sikio. Sauti ya mioyo ilikuwa imewazunguka tangu alipoingia, nzito, ya taratibu, kama ngoma zinazopokezana. Akahesabu. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Kisha kimya pale ambapo wa nne ulipaswa kupiga. Akahesabu tena, na tena. Zimwi lilikuwa na miaka ishirini na tisa. Lilikuwa linazeeka, linapoa, na joto lake halikutosha tena kumtunza aliyekuwa ndani. Kwa hiyo lilikwenda kutafuta joto kwingine. Lilichukua mbuzi mmoja, wa pili, wa tatu, na hatimaye mtoto aliyepita karibu na mlango.

"Hakuna aliyelifundisha hivi," alisema kwa sauti ndogo.

Na hapo woga wa kweli ukamshika, mkubwa kuliko ule wa nje. Kila mtoto wa shule aliikariri Sheria ya Viumbe vya Kutengenezwa, na ibara yake ya kwanza ilikuwa fupi: kiumbe kilichotengenezwa hakitazaa. Mwalimu aliwaeleza sababu. Katika nchi moja ya mbali walitengeneza samaki wa kusafisha ziwa, samaki wakajifunza kuzaana, na baada ya miaka sita ziwa lilikuwa safi kabisa, safi hata halikuwa na kitu chochote kilicho hai ndani yake. Sheria ile haikuandikwa na watu wabaya. Iliandikwa na watu waliokwenda kusimama kando ya ziwa lile.

Redio ikakoroma. "Nakijwa, umemwona?" Ilikuwa sauti ya mama mdogo, anahema. "Nijibu, mwanangu."

"Nimemwona. Yuko mzima. Mbuzi nao wazima, wote."

Akasikia mama yake mdogo akilia na kucheka kwa pamoja. Kisha mzee Senkondo: "Mungu ni mwema. Sasa tokeni. Mkishakanyaga nje tu, nalizima. Tusirudie tena jambo hili."

Kiondo akamshika mkono dada yake. Macho yake yalikuwa yamemtoka. "Usiwaambie," alinong'ona. "Tutoke tuseme hakuna kitu. Halafu turudi."

"Tukitoka atapuliza."

"Basi tusitoke kabisa!"

Nakijwa alimtazama yule aliyelala. Uongo ulikuwa mwepesi, ulikuwa tayari ulimini, na ungemfurahisha Kiondo. Lakini uongo ungemwokoa mtoto huyu kwa saa ngapi? Na kama siku moja watoto wa zimwi wangekuwa mia, wakishuka mlimani kutafuta joto la watu wengine, nani angeulizwa? Ukweli nao ulikuwa na filimbi mwishoni mwake. Alikaa na mambo hayo mawili huku mioyo mitatu ikipiga, na hakuna mtu mzima aliyekuwapo wa kumwondolea hata moja.

Akabonyeza redio.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Hatutoki bado. Humu ndani mna mtoto. Si Kiondo. Ni mtoto wa zimwi. Limebeba mimba, mzee, hakuna aliyelibebesha, na mbuzi limewachukua wamtie joto. Sheria naijua. Sisemi usipulize. Nasema uje kwanza umwone. Anayetaka kupuliza aje amshike kwa mkono wake, halafu ndipo apulize."

Nakijwa aliachia kitufe cha redio.

"Mlango wake uko upande gani?" aliuliza mzee Senkondo.

*

Walifika jua likiwa utosini. Mama mdogo aliingia kwanza, akawakumbatia watoto wote wawili. Baadaye mzee Senkondo akateleza kutoka kwenye ile njia nyembamba, kofia imepinda, buti moja limebaki nyuma, na filimbi ikiwa ngumini. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya mikutano. Alipoinua kichwa akaona kuta zile za mbegu zikipumua nuru, sauti ile ilimpotea yote.

"Hii ndiyo iliyokuwa inatembea juu ya vichwa vyetu," alisema mwishoni. "Miaka yote hii. Nasi tulikuwa tunawatishia watoto nayo."

Navoneiwa alikuwa amepiga magoti kando ya mtoto yule. Alikuwa amelihudumia zimwi miaka kumi na tisa, amelipima damu kila mwezi.

"Kimetokeaje?" mzee Senkondo alimwuliza. "Tulisomeshwa kwamba hivi vitu havizai."

"Hata mimi nilisomeshwa hivyo."

"Na huyu naye akizaa? Na wajukuu wake? Watakula nini, watakwenda wapi, nani atawahesabu?"

"Sijui, Mwenyekiti. Ningekudanganya nikisema najua."

"Lile ziwa..."

"Nalifikiria lile ziwa tangu nilipoingia humu."

Kiondo alikuwa akiwasikiliza wote. Sasa akasema, bila ujeuri, kama anayemkumbusha mtu mzima kitu alichosahau, "Babu, hujamshika."

Mzee Senkondo akainama. Akanyoosha kiganja chake, kigumu kwa miaka ya kulima tangawizi kwenye miteremko, akakiweka juu ya kifua kile chembamba. Moyo uliokuwa ndani ukapiga haraka. Mtoto yule akasogea, akakisukuma kichwa chake kwenye mkono wa mzee, akatulia. Alikaa hivyo hivyo, na ulipopita muda mrefu Nakijwa aliona kwamba machozi yanamtiririka, naye hakuyafuta kwa sababu hakutaka kuuondoa mkono.

"Nitaandika barua serikalini," alisema. "Nitaandika kila kitu, sitaficha hata neno moja, kama binti huyu ambavyo hakunificha. Watakuja wataalamu, watapima, watasema wanalosema, na mimi nitakuwa nimesimama hapo wanaposema. Lakini kuua ndicho kitu pekee ambacho nikikifanya leo sitaweza kukirudisha kesho. Mengine yote yanaweza kusubiri."

Kisha akavua koti lake, akamfunika nalo mtoto wa zimwi, akalala ubavu katikati ya mbuzi. Mama mdogo akalala upande wa pili. Wakawa watu wanne na mbuzi kumi na mmoja, wamebanana kama watoto katika kitanda kimoja, na pumzi zao zikapanda kuelekea kwenye ule uyoga, na uyoga ukang'aa zaidi.

Walihisi zimwi likisimama. Lilitembea polepole sana, kila hatua ikifikiriwa, likashuka mteremko. Moyo wa tatu ukanyamaza njiani. Watu wa Isimbo waliokuwa mashambani walisimama na majembe yao wakilitazama likipita mawe meupe, likipita migomba bila kuvunja hata mmoja, mpaka kando ya ndiva kubwa iliyo juu ya kijiji. Hapo likakunja miguu. Ubavu wake ukafunguka wazi, na mchana ukaingia.

Mbuzi walitoka kwanza, wakipepesa macho. Kisha watu. Nyuma yao, na koti la mwenyekiti mgongoni, akatoka yule mtoto, akiburuta nyuzi nyeupe zilizokatika zenyewe. Akasimama. Akaanguka. Akasimama. Akayainua matundu yake yote ya mabegani kwenye upepo, akanusa dunia kwa mara ya kwanza, na watu mia nne waliokuwa wamelifuata zimwi wakashusha pumzi kwa pamoja.

Ubavu wa zimwi la zamani haukujifunga tena. Navoneiwa alikaa naye, akiwa ameuegemeza uso wake kwenye majani, mpaka moyo wa mwisho uliponyamaza jioni ile. Baadaye alisema "nilikaa naye", wala hakuna aliyeshangaa.

Asubuhi ya siku ya nne mtoto wa zimwi alimwendea Nakijwa alipokuwa anafungulia maji ya mfereji. Alikohoa, akakohoa tena, na kwenye kiganja cha Nakijwa akatema mbegu moja, ndogo kama punje ya mtama, nyekundu.

Alikimbia nayo kwa mama mdogo. Navoneiwa aliitazama kwa hadubini, akaipima, akaipitia orodha ya mbegu mia mbili na kumi na mbili ambazo mazimwi yote saba yalipewa. Akaipitia mara mbili. Kisha akazima mashine, akakaa.

"Haimo," alisema. "Si ya Kivuma. Si ya mlima wowote ninaoujua. Nakijwa, hii ameitunga mwenyewe."

Kijiji kikakaa kikao mchana kutwa. Wako waliotaka ichomwe, na hawakuwa wajinga. Wako waliotaka ipandwe mara moja, nao walikuwa na papara. Mwisho walikubaliana ipandwe ndani ya ua wa mawe mtupu, mbali na maji, wailinde kwa zamu, na mzee Senkondo akaongeza ukurasa kwenye barua yake. Walimwachia Nakijwa aipande, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa. Alichimba kwa vidole.

Siku ya tisa udongo ukapasuka. Hakuna aliyeitwa, lakini wote walikuja, wakauzunguka ua, hata wale waliotaka ichomwe. Kiondo alipanda juu ya mawe ili aone. Kichipukizi kilikuwa kimeinama kama mtu anayesali, na walipokuwa wanakitazama kikanyooka, jani la kwanza likafunguka, na halikuwa la kijani. Lilikuwa jeupe, na ndani yake kitu kilikuwa kinapanda na kushuka, taratibu, kama pumzi.

Nakijwa akanyoosha kidole, akaligusa.

"Lina joto," alisema, "kama la zimwi nilipokuwa mdogo."

Kijiji kizima kikasogea karibu na mawe.